Mpira Uliozungushwa Kushoto

Vijana wa gereji, siku mliponiaga mlinivisha shada la karatasi nikafanana na bwana harusi aliyechelewa sherehe yake, kisha mkanitaka niseme neno. Nilisema asanteni nikakaa, maana soda zilikuwa zinapata moto na nzi walikuwa wameshaanza kula kabla ya mgeni rasmi. Neno lenyewe nimekuja nalo nyumbani. Hamtakuta humu habari za vyeo wala mishahara. Vyeo sikuvipata, na mishahara haina hadithi. Nitawaandikia habari za mwalimu wangu, Mzee Ndahani, ambaye wengi wenu mnamjua kwa ile picha ya ukutani tu, na habari za gari la spoti lililoungua. Mmeniuliza mara nyingi kwa nini nawafokea nikiona kipande cha tyubu karibu na petroli. Jibu liko humu, na si jibu la kufurahisha.

Nilitoka Kipalapala, ambako baba alilima mahindi na karanga jirani na seminari. Mapadre walikuwa na trekta, na kwa kuwa niliwahi kushika usukani wake mara chache, nilijiona fundi kamili. Nilifika gereji yetu hapa Tabora nimevaa shati jeupe. Mzee Ndahani, ambaye wakati huo hakuwa mzee, alilitazama shati lile kwa huruma.

"Shikamoo, fundi."

"Marahaba. Umekuja kuoa?"

"Nimekuja kutafuta kazi."

"Basi funga macho."

Nilifunga. Akaniwekea spana mkononi, moja baada ya nyingine, akaniuliza namba zake. Sikupata hata moja. Akanipa karai la mafuta ya taa lililojaa bolti na nati, akaniambia nizioshe mpaka vidole vizijue kwa majina. "Mkono ukishajua," alisema, "jicho ni la kupambia uso." Msemo ule niliubeba miaka mingi, nikawafundisha na wengine. Siku hizi siusemi.

Alikuwa Mgogo. Aliletwa Tabora na reli akiwa kijana, akaoa mtaa wa Mtendeni, na hakurudi tena kwao ila kwa mazishi. Alitumia mkono wa kushoto. Kwetu kumpa mtu kitu kwa kushoto ni utovu wa adabu, kwa hiyo alikupa spana kwa kulia na kufanya kazi kwa kushoto, na ukilala naye chini ya gari moja ilibidi uangalie kichwa chako. Kila alichokifunga kilizunguka upande wake. Mnajua tunavyofanya mpira wa maji wa rejeta ukipasuka njiani: unakata utepe wa tyubu ya baiskeli, unauvuta kwa nguvu, unauzungusha juu ya ufa, unaficha ncha. Sisi wote tunazungusha kulia. Yeye alizungusha kushoto, na mwishoni aliipitisha ncha chini ya mizunguko mara mbili, akaikata kwa meno. Ungekuta utepe wa namna hiyo kwenye lori lolote kati ya hapa na Manyoni, ungejua Ndahani ameligusa.

Na sheria yake ilikuwa moja: tyubu ni ya maji. "Petroli inakula tyubu," alituambia kila mwanafunzi mpya alipofika, na sisi wa zamani tukasikilizishwa upya. "Leo imekaza, kesho imelainika, keshokutwa mnaitana msibani."

Kazi yetu kubwa zamani ilikuwa kufuata malori yaliyokufa porini. Njia ile ya mashariki, inayopita karibu na Tura kwenda Itigi na Manyoni, babu zetu waliipita kwa miguu na pembe za ndovu begani. Sisi tuliipita na jeki begani, na sidhani kama wao walinyeshewa zaidi. Nakumbuka lori la tumbaku lililokwama masika, gia haziingii, dereva amekaa juu ya mzigo analia waziwazi. Mzee Ndahani aliifungua gia boksi juu ya mkeka, kila bolti ndani ya kofia yake kwa mpangilio anaoujua mwenyewe, na mvua ikitunyeshea mgongoni. Alinipa kijiti chenye oili ninuse kama imeungua. Pua yake mwenyewe ilikuwa imekufa zamani kwa sababu ya petroli, ugonjwa wa mafundi wengi. "Wewe ndiye pua yangu," aliniambia. Nilijivuna kwa neno lile kuliko kwa sifa yoyote niliyowahi kupewa baadaye.

Mzee Maganga wa Nzega alikuwa mteja wetu tangu nikiwa naosha nati. Alikuwa mfanyabiashara wa mchele, na ujanani alinunua gari la spoti kutoka kwa mtu aliyekuwa akishindana nalo akachoka. Lilikuwa na rangi ya chungwa, milango miwili, boneti ndefu, kabureta mbili, na viti vya nyuma ambavyo hata mbuzi angevilalamikia. Kila lilipoharibika kitu alilileta kwa Ndahani mwenyewe, na gereji nzima iliacha kazi ili isikilize.

"Mpagazi, leo mzigo umekubeba wewe?"

"Nyamaza, Mgogo. Osha gari uende ukaombe stesheni, treni imekaribia."

Walitukanana hivyo huku wameshikana mikono, hawaachiani. Sisi Wanyamwezi na Wagogo ni watani tangu enzi za misafara. Babu zetu walipopita Ugogo walitozwa hata maji ya kunywa, wakagombana mpaka wakachoka, mwisho wakaona afadhali wacheke. Kwa hiyo mtani atakutukana sokoni, atakunyang'anya sahani mezani, na siku ya msiba wako ataingia kaburini na kukataa kutoka mpaka apewe chake. Hiyo ndiyo heshima yake kwako. Mimi nami ni Mnyamwezi, lakini sikumtania Mzee Ndahani hata siku moja. Alikuwa mwalimu, na mwalimu ni mzazi.

Macho yake yalianza kuingia ukungu miaka ya mwisho ya kazi. Hakusema, nasi hatukusema. Huku kwetu hatumwambii mzee kwamba haoni, tunamsogezea kikombe mpaka mkononi. Tulimsogezea spana vivyo hivyo, na alipoondoka jioni mmoja wetu alipita nyuma yake kukagua kazi. Alipostaafu tulishusha pumzi, nasema ukweli. Lakini watu hawakuacha kumpitia nyumbani Mtendeni. Dereva akiwa na safari ndefu alisimama mlangoni kumsalimu, mzee akatoka, akapitisha mikono kwenye injini, akakaza hiki na kile. Watu waliona ni baraka. Na pale nyumbani hapakuwa na mtu wa kupita nyuma yake.

Mzee Maganga alikuwa na watoto pacha, Kulwa na Doto, vijana wakubwa waliokuwa wakiendesha duka lake la mchele hapa mjini. Gari aliwaachia wao. Kulwa alikuwa msemaji na mpenda kupendeza. Doto alikuwa mtu wa kimya, mwenye mkono wa ufundi, aliyekuja gereji siku za Jumapili kuuliza maswali. Kulwa alipata mchumba Manyoni, na siku ya kwenda kujitambulisha kwa wazee wa binti alitaka afike na gari la baba yake. Jioni ya kuamkia safari, Doto alibadilisha kichujio cha petroli. Asubuhi Kulwa akaondoka peke yake, ameng'arisha viatu.

Gari lilishika moto karibu na Tura. Kulwa aliona moshi, akasimama, akashuka, akafungua boneti. Nawaomba mkumbuke hili kama hamtakumbuka jingine: boneti inayofuka moshi haifunguliwi. Moto ulikuwa unatafuta hewa, yeye akaupa. Watu wa kijijini walikuja mbio na ndoo, wakamwaga mchanga na maji ya sabuni ya unga, na waliuzima kweli. Walimbeba Kulwa wakamtafutia usafiri mpaka hospitali. Aliteseka siku kadhaa akafariki, na mama mmoja wa Tura aliyekuja kumwona kila alipoweza hakuwa hata ndugu yake.

Tulimzika Nzega. Mzee Ndahani alikuja ameshikwa mkono na mkewe, na kaburi lilipokuwa tayari akauachia mkono ule akashuka, akalala chali mle ndani na mikono kifuani.

"Huyu hazikwi!" alipiga kelele. "Kesho alikuwa aje kunipasulia kuni. Nani atanipasulia? Nyie wapagazi mmezoea kutua mizigo yenu kwenye mashamba ya watu!"

Watu walicheka huku wanalia. Mzee Maganga akaagiza kuku aletwe, mtani akapewa kuku wake, akatolewa. Naikumbuka picha ile kuliko ninavyopenda.

Baada ya mazishi, mbele ya wazee wa ukoo, Doto alisimama akasema bila kuulizwa kwamba yeye ndiye aliyefungua mipira ya petroli jioni ile, na huenda kuna mahali hakukaza. Nadhani alitaka aadhibiwe yaishe. Baba yake aliinuka.

"Nilikuachia gari zima na ndugu mzima," alisema. "Usikanyage hapa mpaka urudishe kimojawapo."

Ndivyo gari lile lilivyoletwa gereji kwetu, juu ya lori, limefunikwa turubai kama maiti nyingine. Doto alishuka upande wa abiria. Alikuwa amekonda, na kola ya shati ilimpwaya.

"Shikamoo, fundi."

"Marahaba, mwanangu. Pole sana."

"Nataka litembee, fundi. Nitafanya kazi yote mwenyewe, wewe nielekeze tu. Baba amesema."

Nilijua baba amesema nini. Nilimwambia gari lililoungua injini halitengenezwi, linazaliwa upya, na kwamba itachukua muda. Akasema hana pengine pa kwenda.

Ngoja niwaeleze kazi yenyewe, maana kuna siku litawafikia. Kwanza usiguse ufunguo. Ondoa betri, kisha kaa uangalie tu, mikono mgongoni. Moto unaacha alama za njia yake: unaanzia padogo na chini, unapanuka ukipanda. Rangi iliyobabuka kidogo ni mbali na chanzo. Bati lililogeuka jeupe ni karibu. Nyaya usizihurumie. Hata waya unaoonekana mzima umepikwa ndani, utakuja kukatika ukiwa umeshalisifia gari, kwa hiyo tulizing'oa zote na kuzifuma upya moja moja. Kabureta zilikuwa zimeyeyuka zikalala juu ya injini. Boneti ilikuwa imepoteza ugumu wake. Ukiigonga hailii, inanung'unika tu.

Lakini kilichoiua injini hasa haukuwa moto, ulikuwa mchanga. Kabureta zilipoyeyuka zilibaki tundu wazi, na mchanga wa watu wema uliingia moja kwa moja ndani ya silinda. Tulipofungua, kuta za silinda zilikuwa na mikwaruzo mirefu na beringi zote zimechimbika. Doto aliupangusa mchanga ule kwa kitambaa, akauweka kwenye kopo. Sikumuuliza wa nini.

Alifanya kazi kimya. Nilimwona akikaza bolti, anaondoka, anarudi kuikaza tena, anaondoka, anarudi. Nilimkataza, kwa sababu bolti inayokazwa kwa hofu hukatika. Akasema sawa, akarudi kuikaza.

Siku alipokwenda kutafuta pistoni kwa wauza vyuma chakavu, nilibaki nikisafisha upande wa chini, pale mpira wa petroli unapotoka kwenye bomba la chuma kwenda kwenye pampu. Mchanga na sabuni vilikuwa vimegandamana hapo na kufanya tofali. Nililivunja taratibu kwa bisibisi. Ndani yake, kichujio cha Doto kilikuwa mahali pake na kilipu zake zote mbili, zile zinazobana mpira, zimekaza. Hata kwa koleo zilinisumbua. Nilifurahi, nusura nipige mbinja. Kijana hakuwa na kosa. Nikaendelea kuchimba, kwa sababu petroli ilikuwa imetokea mahali fulani, na kidogo mbele nikaukuta ufa kwenye mpira wenyewe, na juu ya ufa utepe wa tyubu. Nusu ulikuwa umekuwa mkaa. Nusu nyingine ilifunikwa na mchanga mapema, ikabaki nzima, laini, imevimba kwa petroli. Ulikuwa umezungushwa kushoto. Ncha ilikuwa imepitishwa chini mara mbili, na alama ya meno ilikuwepo.

Nilikaa sakafuni. Pipa la kuchomea taka lilikuwa linawaka uani, nami nililitazama, siwafichi. Halafu nikaikumbuka ile kola iliyompwaya Doto. Niliukata mpira ule na utepe wake, nikauweka mfukoni, nikaenda Mtendeni.

Mzee Ndahani alikuwa amekaa kwenye mkeka anachambua mchele kwa vidole, kazi aliyojipa mwenyewe ili asikae bure. Nilimwamkia, nikamwekea mpira mkononi. Vidole vilitembea juu ya utepe, vikafika kwenye ncha, vikasimama.

"Kazi yangu hii," alisema. "Rejeta ya nani?"

"Si mpira wa maji, mzee. Ni wa petroli. Umetoka kwenye spoti ya Mzee Maganga."

Mke wake aliyekuwa akipita na ndoo aliitua chini.

Mzee aliuweka mpira kwenye mkeka. Alisema Kulwa alipita asubuhi ile kumsalimu, akasema kuna mpira unavuja huku chini, hakusema wa nini, akamwongoza mkono. Yeye akagusa, akakuta majimaji, akakata utepe akafunga. Kijana alishukuru sana na kumwachia sukari.

"Nilihisi ubaridi," alisema. "Maji hayawi baridi vile. Vidole viliniambia, Mihayo. Nikavijibu kuwa ni asubuhi tu. Na pua yangu hukuwepo."

Aliniagiza nimlete Doto saa ile ile, na nilipomleta, mzee hakumzungusha. Alimwambia yote, akampa mpira aushike. Nilitegemea kijana apumue au alie au apige mtu. Akasema jambo ambalo sikulitegemea.

"Mzee, naomba iishie hapa. Baba hana rafiki mwingine. Wenzake wote wamekufa. Mimi nimeshazoea, acheni tu iwe mimi."

"Mwanangu," Mzee Ndahani alisema, "mimi nililala kwenye kaburi la ndugu yako nikachekesha watu. Nikapokea na kuku. Unataka nimle mara ya pili?"

Tulilimaliza gari kwa sababu sharti la baba lilikuwa bado lipo. Doto aliacha kukaza bolti mara mbili mbili. Mzee alikuwa anakuja kila siku kukaa kwenye kiti pembeni, hagusi kitu. Siku injini ilipowaka, ilikohoa, ikatoa moshi mweupe, kisha ikatulia ikaunguruma ile sauti yake nzito, na watu wa jirani walikuja kuangalia. Nimewasha injini nyingi maishani mwangu. Ile peke yake ndiyo niliyoiwasha nikatamani izime.

Tulikwenda Nzega watatu, Doto kwenye usukani, mzee pembeni yake, mimi nimekunjwa kwenye kiti cha mbuzi. Mzee Maganga alikuwa uani na wageni, wazee wenzake na ndugu waliokuja kwa mambo ya ukoo. Alilisikia gari kabla ya kuliona. Alisimama, akakaa, akasimama tena. Doto aliposhuka alibaki kwenye mlango wa gari, hakusogea, anangoja aitwe. Baba yake alikuwa anatazama boneti.

Mzee Ndahani alikuwa amesharatibu maneno yake njiani. Aliachia bega langu, akatembea peke yake kuelekea zilipotoka sauti za watu, akasimama katikati ya ua.

"Maganga," alisema, "mimi ndiye niliyemuua Kulwa."

Ua mzima ukaangua kicheko. Hamwezi kuwalaumu. Ndivyo watani wanavyosema kwenye misiba yote, kwamba wao ndio waliomla marehemu, na ini lilikuwa tamu. Mzee Maganga naye alicheka, mabega yakimtikisika, na niliambiwa baadaye kwamba hakuwa amecheka tangu mazishi. "Karibu, Mgogo!" alisema huku anafuta macho. "Umekuja kudai kuku mwingine? Mpeni kiti mchawi huyu!"

"Maganga, sitanii."

Wakazidi kucheka. Mzee Ndahani alisimama pale na macho yake meupe, anageuza kichwa kila upande kutafuta mtu mmoja ambaye hacheki, na hakuweza kumwona. Akaniita kwa jina. Nikaenda mpaka mbele ya Mzee Maganga, nikapiga goti, nikautoa mpira mfukoni.

"Baba, si utani," nilimwambia. "Kilipu za Doto zilikuwa zimekaza. Petroli ilitokea hapa."

Kicheko kiliisha kidogo kidogo, wa mbali wakiwa wa mwisho. Nilieleza yote, na Mzee Ndahani alirekebisha pale nilipojaribu kumpunguzia. Mzee Maganga aliugeuza mpira mikononi mwake. Mtu aliyeleta gari kwa fundi mmoja maisha yake yote anaijua kazi yake. Kisha akamwita Doto, akamshika kichwa kwa mikono miwili, akaweka paji la uso wake kwenye lile la mwanawe, na walikaa hivyo mpaka sisi wengine tukatazama chini. Doto aliingia ndani ya nyumba ya baba yake. Hilo tulilipata.

Halafu Mzee Maganga akamgeukia rafiki yake. Nilitegemea matusi. Hata Mzee Ndahani alikuwa ameinua uso kuyapokea.

"Asante kwa kunieleza, Mzee Ndahani," alisema kwa upole. "Tafadhali kaa, upate maji. Safari ni ndefu."

Mzee Ndahani alikaa. Aliletewa maji kwenye bilauri ya wageni, yakammwagikia.

Tangu siku ile hawakugombana hata mara moja. Mzee Maganga akija mjini alimpitia, akamsalimu kwa adabu zote, akauliza hali ya mama na ya macho, akaaga. Hakumwita tena Mgogo. Hakumtuma tena stesheni. Mzee Ndahani alijaribu mara moja, nilikuwepo, akamwambia kwa sauti ndogo, "Mpagazi, mzigo wako uko wapi?" Mwenzake akajibu, "Sijambo, mzee wangu, namshukuru Mungu." Baada ya hapo hakujaribu tena. Alizeeka haraka sana. Spana zake alinigawia mimi, zikiwa zimefungwa kwenye kitambaa, na kila nikizitumia nilikuwa nanusa mikono yangu kwanza.

Alifariki mwaka huu, kabla tu ya ninyi kuniaga. Tulimzika hapa mjini. Nduguze kutoka Ugogo walifika wachache. Mzee Maganga aliletwa na Doto kwa gari lile lile, akasimama nyuma ya watu na kofia mkononi. Kaburi lilipokuwa tayari, watu walirudi nyuma hatua chache kama desturi, wakimpisha mtani. Hakuna aliyeingia. Wachimbaji walitazamana. Mjane aliinua uso akatazama huku na huku, na mimi sikuweza kuvumilia uso ule. Mtu hazikwi bila kutukanwa, kana kwamba hakuwahi kupendwa.

Nilivua viatu nikashuka. Nikalala chali juu ya udongo wa baridi na kufungua kinywa kumtukana mwalimu wangu. Nilitaka kusema kwamba hazikwi huyu, ameondoka na spana zangu, lakini hazikuwa zangu, zilikuwa zake, na sauti haikutoka. Nikabaki nimelala mle kama mjinga, naona kipande cha anga na vichwa vya watu.

Ndipo nikaona kichwa cha Mzee Maganga ukingoni.

"Toka humo, Mihayo," alisema. "Hapo ni pangu."

Doto na mimi tulimshusha, maana magoti yake hayakunjiki. Alilala. Kisha akaanza. Alimwita Mgogo, ombaomba, mla mlenda, mwizi wa kuku, kipofu asiyejua maji na petroli. Alimwambia aamke akaombe stesheni, treni imekaribia. Alitoa matusi yote ya miaka ile aliyomsalimia kwa adabu, moja baada ya jingine, machozi yakimwingia masikioni, na hakuna mtu aliyecheka. Tulimwacha aseme mpaka sauti ilipokauka, ndipo tukamtoa, tukamzika mzee.